Video na podikasti zenye ulihifadhi: namna ya kuipatia kila moja saa yake mu siku (mwongozo kamili)

Wandugu wa Lubumbashi na wa popote, fungua telefone yako sasa hivi, ingia YouTube kwenye orodha ya Tazama baadaye (kama telefone iko mu Kifaransa imeandikwa À regarder plus tard), halafu Facebook kwenye vitu ulihifadhi, halafu TikTok, halafu ile grupu ya familia na ile ya kanisa ku WhatsApp kwenye watu wanatuma video tangu asubuhi mpaka usiku. Kila mahali kuna kitu ulisema "hii nitaiangalia". Mahubiri, namna ya kukata robe, kutengeneza sabuni, somo la Kiingereza, historia ya Katanga, hesabu za mwanafunzi. Ni vitu vya maana na vingine vilikula mega zako. Vinabaki tu pale.

Watu wengi wakitaka kupanga wanapanga kwa mada, folda ya kupika, folda ya biashara, folda ya maombi. Inapendeza macho lakini haibadilishi kitu, sababu 6h00 asubuhi ukiwa unapiga pasi shati ya kazi haujiulizi "leo nisome mada gani", unajiuliza "mikono iko na kazi, masikio yako bure, nisikilize nini". Kwa hiyo panga kwa saa, na kwa kazi yenye mwili wako unafanya ile saa. Mengine yote nitaeleza hapa ni ufundi wa telefone tu, na ule mutu anaujifunza kwa siku moja.

Hatua ya kwanza: weka telefone pembeni, shika karatasi

Andika siku yako vile iko, usiandike vile ungependa iwe. Kuamka, kufagia, kuchota maji, bisi, kazi, kurudi, kupika, kula, kulala. Pembeni ya kila saa jibu maswali matatu: macho yako bure? mikono iko bure? mutandao uko, na ni wa mega zako ao wa wifi ya mutu?

Nichukue mufano wa mudogo wangu mwenye anashona kule Katuba. Asubuhi anafagia na kuwasha makala: masikio bure, macho hapana. Mu bisi: masikio bure, macho nusu, sababu telefone mukononi mu bisi yenye imejaa inaweza kuondoka na mutu mwingine. Ku mashine ya kushona: masikio bure lakini mashine inapiga kelele, tena mukiriyo anaingia wakati wowote. Macho na mikono vyote viko bure mara mbili tu, pale kabla hajafungua kitambaa kipya juu ya meza, na usiku nyuma ya bukari kama umeme uko. Ukiangalia hiyo karatasi unaona mara moja kwamba video inaingia mahali pawili tu mu siku nzima. Na vitu alihifadhi karibu vyote vilikuwa video. Ndiyo sababu hazikuwa zinaangaliwa, haikuwa uvivu.

Kwa hiyo saa zake zikawa hivi: Asubuhi, Njiani, Mashine, Meza. Yako inaweza kuwa tofauti kabisa, mwanafunzi wa Kasapa atakuwa na saa ya kungojea profesa mu oditorio, mulinzi wa usiku ana saa ndefu za kimya, mama mwenye anauza ku soko ya Kenya (ile komine ya Lubumbashi) asubuhi hana hata dakika lakini mchana soko ikipoa anayo. Saa tatu ao ine zinatosha. Ukiweka saba utaziacha zote.

Hatua ya pili: tupa

Hapa usione huruma. Pita mu kila orodha, na kila kitu ukiulize kinaingia saa gani kati ya zile ine. Kama hauwezi kujibu haraka, futa. Bei za vitu za mwaka jana, futa. Mabishano ya wanasiasa, futa. Video yenye mutu alikutumia na haukumujibu, futa tu, hata yeye alisahau.

Na habari usiihifadhi hata siku moja. Habari ni ya kusikia ikiwa moto. Kwa hiyo kazi radio inatosha: Radio Okapi iko tangu 2002 na inatangaza Kiswahili pamoja na Kifaransa na lugha zetu zingine za taifa, na kama telefone yako iko na radio ya FM ndani unaweza kusikiliza bila mega hata moja, chomeka tu ekutere za waya sababu ule waya njo antena. Ukifuata matangazo ya moja kwa moja ya Nairobi ao Dar es Salaam kumbuka siye tuko saa moja nyuma yao, wakisema 20h yao ni 19h ya huku.

Hatua ya tatu: kitu cha maneno tupu kitoke mu video kiingie mu sauti

Hii njo hatua yenye inaokoa mega na batri kuliko zote, kwa hiyo soma polepole.

Mahubiri, mazungumuzo, historia, maisha ya mutu, somo la lugha, hauhitaji kuona mudomo wa mwenye kusema. Tena YouTube ya bure mara nyingi ukizima kioo inanyamaza, kwa hiyo unalazimika kuacha kioo kinawaka saa nzima mu mufuko, batri inaisha na kidole kinagusa vitu. Vipindi mingi vyenye viko YouTube viko pia kama podikasti, yaani kipindi cha sauti chenye unapakua na kusikiliza saa yenye unataka. Tafuta jina lake mu programu ya podikasti mbele ya kuhifadhi video.

Hesabu yake ni hii. Sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde inakula karibu mega 29 kwa saa moja, ya kilobiti 128 inakula karibu mega 58. Video ya ubora wa 360p, yenye tayari ni ya kawaida kabisa, inaweza kula kama mega 300 kwa saa, inategemea video yenyewe, na ukipanda ku 720p unaingia mu giga. Maana yake mega za saa moja ya video zinakupatia saa tano, saa kumi za podikasti. Mutu mwenye ananunua forfe ya mega kila siku atasikia hiyo tofauti mu mufuko.

Mu video ubakishe tu kitu chenye macho yanafanya kazi: mukono unakata kitambaa, fundi anafungua motere, mwalimu anaandika hesabu ku tablo.

Hatua ya ine: panga podikasti ndani ya AntennaPod

Ku Android mimi nashauri AntennaPod, ni programu ya kusikiliza podikasti. Ni ya bure, haina matangazo yake, haikuombi kufungua akaunti, na ilianza 2012 kwa hiyo imekomaa. Mwenye iPhone atumie ile Podcasts ya Apple yenye inakuja na telefone, mipango yake mingi inafanana.

Ukishaiweka, tafuta vipindi vyako ujiandikishe, lakini vichache. Kwa kuanza, viwili kwa kila saa ya siku. Kwa mufano kama unajifunza Kiingereza, na huku kwetu na Kasumbalesa na Zambia hapo karibu watu mingi wanakitaka, kuna 6 Minute English ya BBC Learning English, dakika 6 tu, inaingia mu safari ya bisi hata kama ni fupi, na unaweza kuirudilia mara mbili mbele ya kushuka. DW Kiswahili, BBC Swahili na RFI Kiswahili nao wako na vipindi vya afya, vya vijana, vya mazingira, vyenye haviozi haraka kama habari.

Halafu ingia mu mipangilio, na hapa usiruke kitu:

Kupakua yenyewe (kutelesharje bila wewe kugusa) washa, lakini kwa vipindi vyenye unachagua peke yake, usikubali kwa vyote. Upande wa mega za telefone kataza, ipakue ku wifi tu, ao kama hauna wifi kabisa utaipakua wewe mwenyewe kwa mukono saa ya forfe ya usiku. Kupakua bila chaja kataza pia, ifanye kazi telefone ikiwa ku umeme. Weka kipimo cha episodi zenye inaweza kulimbika, chagua kidogo, na washa kufuta yenyewe kitu ukimaliza kusikiliza. Bila hiyo ya mwisho, telefone ya giga 32 yenye picha za ndoa na video za watoto itajaa haraka na utaanza kufuta kwa hasira, na mutu akifuta kwa hasira anafuta picha.

Foleni njo moyo wa programu. Ile orodha yenye inafuatana, moja ikiisha ingine inaanza. Usiku mbele ya kulala ingia pale, panga kwa kidole kufuatana na siku ya kesho: ya juu ni ya Asubuhi, zinafuata za Njiani, halafu ndefu za Mashine. Asubuhi unabonyeza mara moja tu na siku nzima inajiendea. Ukiona kazi ya kuchagua inaingia asubuhi, ujue haukupanga usiku.

Mwendo wa sauti pia ubadilishe kila kipindi kivyake. Kiingereza unaweza kukipunguza 0.75 kama bado unatafuta maneno, muhubiri mwenye anavuta sana mupandishe 1.25. Usipandishe hadithi, hadithi ikikimbizwa inaharibika. Na ile saa ya kulala, yaani unaiambia inyamaze nyuma ya dakika 20 ao 30, itumie kila usiku, ama utaamka batri imekufa na episodi nane zimepita bila masikio.

Njiani tumia sikio moja. Hasa ukiwa ku moto ya manseba (pikipiki ya taksi) ao unavuka barabara, honi ni muhimu kuliko podikasti.

Hatua ya tano: video za Meza

Zile video zenye zimebaki ni chache, na kila moja iko na kazi. Ku YouTube usitumie Tazama baadaye kama gala. Tengeneza pleilisti yenye jina la saa yako, "Meza", na ingine kama unayo. Tazama baadaye ibaki mulango tu: kitu kinaingia pale katikati ya wiki, Jumapili kinatoka, ama kinaenda Meza ama kinafutwa. (YouTube inakubali mpaka video 5,000 mu pleilisti moja. Yako ikipita kumi nenda kasafishe.)

Kupakua ku telefone tumia kile kifungo cha programu yenyewe kama kipo kwako. Kuna watu wanatoa video na waonyeshaji wenyewe wanaweka linki ya kuipakua, hiyo iko sawa. Lakini zile saiti za ajabu zenye zinafungua matangazo tano ukigusa mara moja ziogope, zinaingiza vitu vibaya mu telefone na telefone hiyo hiyo iko na pesa yako ya mobile money.

Faili zenye ziko tayari mu telefone zifungue na VLC, ile yenye alama ya koni ya barabarani. Ya bure, haina matangazo, inakumbuka mahali uliachia, na ukitaka unaiambia icheze video kama sauti na kioo kikiwa kimezimwa. Jina la faili liandike wewe mwenyewe, usiache lile refu la namba. Anza na 01, 02, 03, na si 1, 2, 3, sababu programu nyingi ukifika 10 zinaiweka mbele ya 2.

Tena mu jina weka dakika. Hii sijaona watu mingi wanafanya na inasaidia sana. Yule mudogo wangu alikuwa na video ya dakika 38 ya kukata mukono wa robe, na kitu chenye anatafuta kila mara ni pale fundi anapima kwapa. Kila mara alikuwa anavuta na kidole mbele, nyuma, mbele, mukiriyo amesimama, halafu ananiita: "Yaya, ile ya kwapa iko wapi tena?" Sasa faili inaitwa "02 kukata mukono – kwapa 4.10 – kushonesha 21.30". Anaweka telefone juu ya meza imeegemea mukebe ya vifungo, anaenda moja kwa moja ku 4.10, anaangalia fundi anaweka senti mbili za nafasi ya mushono, anasimamisha, anachora na chaki yake, anaendelea. Kitambaa hakifunguliwi mbele ya hiyo. Kama video iko ku YouTube na hauna faili, linki yenyewe inaweza kubeba dakika: mwisho wake ongeza &t= na sekunde (ao ?t= kama linki haina alama ya ? ndani), 4.10 ni sekunde 250, unajitumia hiyo linki ku WhatsApp ukiandika ni ya nini.

Hatua ya sita: vitu vya WhatsApp

Kwanza ingia mu mipangilio ya WhatsApp, upande wa nafasi na data, zima kupakua video zenyewe. Hiyo peke yake inarudisha mega mingi.

Pili, WhatsApp tangu mwisho wa 2022 inakuruhusu kujiandikia wewe mwenyewe, fungua ile chat yako na uifanye mahali pa kutupia kila linki. Lakini usitupe linki kavu. Andika saa yake mbele: "Meza, namna ya kufunga zipu", "Mashine, historia ya reli". Jumapili unatafuta neno "Meza" na zote zinatoka.

Tatu, sauti. Watu wanatuma mahubiri na mafundisho ya sauti, mengine ya saa nzima, na yanapotea chini ya salamu na picha za matanga. AntennaPod inakubali folda ya telefone kana kwamba ni podikasti. Kwa hiyo tengeneza folda, iite "Masikio", hamisha zile sauti mule, uiambie AntennaPod ifungue hiyo folda, na sasa zinaingia mu foleni pamoja na vingine, zinakumbuka ulifika wapi, zinaongezwa mwendo. Mama mwenye hana intaneti nyumbani anaweza kupata vitu vyake vyote hivyo tu, wewe unamutumia kwa Bluetooth ao Quick Share bila mega, unamuwekea mu folda yake, yeye anabonyeza.

Hatua ya saba: umeme na mega

Umeme unaenda bila kuaga, musimu wa mvua ndiyo zaidi. Kwa hiyo usipange kupakua "usiku" kama saa moja hivi. Panga kwa kitendo: umeme ukirudi, chaji inaingia kwanza, na telefone ikiwa ku chaja njo inapakua. Ile mipangilio ya hatua ya ine inafanya hivyo yenyewe. Pakua vitu vya siku mbili ao tatu mbele, usipakue vya wiki nzima, vitajaza, lakini usiishi pia siku kwa siku sababu siku ya giza njo siku yenye unahitaji kitu cha kusikiliza kuliko zote.

Mwenye anapita mahali kwenye wifi, kazini, ku chuo, kwa ndugu, ajue hiyo ni saa yake ya kujaza maji. Mbele ya kuondoka nyumbani andika ni vitu gani vitatu unapakua pale. Na muombe mwenye wifi, ni adabu.

Watoto

Watoto wako na siku yao, usiwatupie telefone wachague. Mimi naona vizuri wawe na pleilisti yao ya saa moja tu, ile ya nyuma ya kula na kazi ya masomo. Ubongo Kids ya Tanzania inafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na kwa wakubwa wa sekondari Khan Academy iko na masomo ya hesabu kwa Kifaransa pia. Weka video mbili, waambie ni mbili, na wakimaliza wakueleze walisikia nini. Mutoto akijua ataulizwa, anaangalia namna ingine.

Jumapili

Nusu saa, nyuma ya misa ao ibada, na karatasi yako ile ya kwanza mukononi. Toa Tazama baadaye, toa chat yako ya WhatsApp, kila kitu kiende kwa saa yake ama kifutwe. Angalia pia ni saa gani mu wiki haukusikiliza kitu. Kama Njiani haikufanya kazi wiki mbili zinafuatana, usijilazimishe, ifute saa yenyewe, pengine mu bisi unapenda kuongea na watu na hiyo ni saa yake tayari.

Kitu cha mwisho mu hiyo nusu saa, mara moja kwa mwezi inatosha: toa nakala ya orodha ya podikasti zako uiweke pembeni. Google Podcasts ilifungwa mu 2024. Pocket, kwenye watu walikuwa wanalimbika makala na linki miaka mingi, Mozilla iliifunga Julai 2025. Programu zinakufa, telefone zinaanguka mu maji. Mu AntennaPod, mu mipangilio, upande wa kutoa na kuingiza, kuna OPML: inatengeneza faili ndogo sana yenye majina ya vipindi vyote ulijiandikishia, na programu karibu zote za podikasti zinaisoma. Itume ku chat yako ya WhatsApp na ku email yako. Pleilisti ya Meza andika majina ku daftari kwa kalamu, ziko chache, ni mistari kumi. Ukipata telefone mupya unaweka AntennaPod, unaingiza ile faili, unapanga foleni ya kesho.